Asubuhi rezo hakuna, jioni imerudi: namna ya kusaka kinachoyumbisha Wi-Fi ya nyumbani

Dada yangu anaishi Himbi, na lalamiko lake lilikuwa kinyume na la mji mzima. Goma yote hulia kwamba Wi-Fi inakufa jioni, watu wakisharudi nyumbani. Kwake ilikuwa inakufa asubuhi. Kuanzia saa moja hivi, chumba cha nyuma, ambamo kijana wake husomea, kilibaki na mstari mmoja tu kwenye simu. Ikifika saa kumi jioni mistari yote imerudi na hakuna aliyegusa kitu. Shemeji alishanunua ruta ya pili, nayo ikafanya vilevile.

Tulichokikuta nitakisema mbele, kwa sababu tulikikuta baada ya kwenda hatua kwa hatua. Anayeruka hatua huishia kununua vifaa. Mpangilio wenyewe ndio huu, kwa nyumba za huku kwetu: za mbao juu ya mawe ya volkano, za matofali ya simenti, zenye umeme wa kwenda na kurudi, na intaneti inayoingia kwa modemu ya kadi ya simu, kwa waya wa fiba au kwa sahani ya juu ya paa. Unahitaji simu ya Android, daftari na kalamu. Kompyuta ikiwepo, vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Tenganisha safari mbili

Ujumbe wa WhatsApp ukitoka kwenye simu yako husafiri mara mbili. Kwanza hutoka kwenye simu hadi kwenye ruta iliyoko sebuleni, na hiyo ndiyo Wi-Fi. Kisha hutoka kwenye ruta kwenda nje, kwenye mnara, fiba au setilaiti, na hiyo ndiyo intaneti. Mistari unayoiona juu ya kioo cha simu hupima safari ya kwanza peke yake. Unaweza kuwa na mistari minne kamili ukashindwa kufungua hata picha moja, na ruta isiwe na kosa lolote.

Shida ikitokea, fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta. Iko kwenye kibandiko chini yake; mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na modemu nyingi za kadi hutumia 192.168.8.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka upesi wakati intaneti imeganda, safari ya kwanza ni nzima, basi nenda moja kwa moja hatua ya 6. Ukurasa huo nao ukichechemea, shida iko ndani ya nyumba na wewe ndiye fundi wake.

Mwenye kompyuta ya Windows afungue madirisha mawili ya amri (Command Prompt). Amri ya ping hutuma swali dogo kwenye anwani na kupima jibu limechukua muda gani kurudi. Katika la kwanza aandike ping 192.168.1.1 -t (aweke anwani ya ruta yake), katika la pili ping 1.1.1.1 -t (hiyo ni anwani ya nje, kwenye intaneti), kisha ayaache yaende dakika tano, yakiwa yamekaa ubavu kwa ubavu. Kwa Wi-Fi nzima, dirisha la kwanza hujibu kwa milisekunde chache tu kila mara. Likianza kuruka hadi 200, au likikosa jibu, usimpigie simu mtu yeyote wa nje. Likitulia huku la pili linahangaika, shida imevuka ukuta wa nyumba yako. Sijui kipimo kingine cha bure kinachosema mengi kwa muda mfupi kama huo.

Hatua ya 2: Pima palepale, kwa saa tofauti

Chagua sehemu mbili: moja hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta, nyingine pale shida inapouma. Bandika kipande cha plasta ukutani ili kila mara simu ikae palepale, imeelekea upande uleule, na wewe usimame palepale. Watakucheka nyumbani, waache. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji humeza mawimbi ya Wi-Fi. Ukiigeuzia ruta mgongo simu ikiwa kifuani, unapoteza desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kadhaa kwa kugeuka tu. Wengi wanaosema Wi-Fi imepungua usiku wamelala ubavu, simu iko upande wa ukuta, ruta iko nyuma ya mgongo.

Weka programu ya kupima Wi-Fi kwenye simu. WiFi Analyzer ni ya bure na inatosha. Itakupa namba hasi, tuseme -58 dBm. Kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Mimi huzisoma hivi: kati ya -30 na -50 umekaa jirani na ruta, hadi -67 simu ya video inakwenda bila kukatika, kati ya -70 na -80 ujumbe unapita lakini video inasuasua, ikipita -85 simu imening'inia kwa kucha. Na usidanganywe na udogo wa tofauti. Zikipungua desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Zikipungua 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Mistari ya simu haionyeshi hayo, na kila mtengenezaji huichora kwa kipimo chake.

Kuanzia Android 9, simu huzuia programu kutafuta Wi-Fi zaidi ya mara nne kwa dakika mbili. Kwa hiyo ukifika kwenye plasta yako, subiri nusu dakika kabla ya kuandika, la sivyo utaandika namba ya ulikotoka. Andika na namba ya chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta inatangazia. Chaneli 1 hadi 13 ni masafa ya gigahezi 2.4, kuanzia 36 ni masafa ya 5. Ruta nyingi hutangaza masafa yote mawili kwa jina moja, na simu huruka kutoka hili kwenda lile bila kukuaga. Masafa ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka upesi kwenye kuta, hivyo namba inaweza kushuka kwa desibeli nyingi na hakuna kilichohama ndani ya nyumba.

Pima mara nne kwa siku: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa mbili usiku, na saa tano usiku kabla ya kulala. Kila mara andika namba ya karibu, namba ya mbali, umeme upo au haupo, mvua inanyesha au hainyeshi. Kasi ya intaneti ipime kwa kiasi, maana kipimo chenyewe kinakula mega (data uliyonunua). Siku tatu zinatosha. Jumapili ikiwemo ni bora zaidi, kwani siku hiyo nyumba za Goma zina ratiba yake.

Kisha soma daftari, ukianza na namba ya karibu. Ruta haichoki jioni. Hutoa nguvu ileile usiku na mchana, kwa kawaida miliwati 100 au chini yake katika masafa ya 2.4. Namba ya karibu ikibaki kwenye -41, -43, -42 kutwa nzima huku ya mbali inacheza kati ya -64 na -78, kuna kitu katikati kinachohama: hatua ya 3. Zote mbili zikiwa zimetulia huku kila kitu kinakwenda polepole, nguvu ya mawimbi haina neno, ni msongamano: hatua ya 4, au ya 6. Hata ile ya karibu ikianguka, au ikitoweka kwa dakika moja moja, angalia umeme na joto: hatua ya 5.

Hatua ya 3: Tafuta kilichohama

Daftari la dada lilisema wazi. Karibu na ruta, -43 saa zote. Chumba cha nyuma, -77 asubuhi, -64 jioni. Desibeli 13 ni nguvu kupungua mara ishirini. Tulikaa koridoni tukitazama ukuta kama watu wanaotafuta nyufa. Ukuta wenyewe ni wa mbao, na mbao kavu haimezi kiasi hicho. Kisha mtoto akapita akivuta bidoni.

Maji ya nyumba hiyo huchotwa alfajiri. Bidoni za lita 20, kumi na mbili, zikijaa hupangwa koridoni, moja juu ya nyingine, zikiegemea ukuta unaotenga sebule na chumba cha nyuma. Ruta ilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, juu ya meza fupi ya televisheni, kimo kimoja na bidoni za juu. Yaani kila asubuhi kulikuwa na lita 240 za maji zimesimama kati ya ruta na kijana. Watu wanaoga, wanapika, wanafua. Ikifika saa kumi bidoni nyingi ni tupu, na bidoni tupu ya plastiki mbele ya mawimbi ya Wi-Fi ni kama haipo.

Tuliipandisha ruta juu ya kabati, karibu na dari. Kesho yake asubuhi, bidoni zote zikiwa zimejaa, chumba cha nyuma kilisoma -65. Ruta ya pili imerudi ndani ya boksi lake na shemeji hapendi izungumzwe.

Kwako huenda si bidoni. Kitu cha pili cha kutazama ni chuma. Mlango wa chuma ulio wazi mchana na kufungwa saa moja jioni hubadilisha hali ya jikoni la nje au chumba cha uani kwa saa ileile kila siku. Madirisha yenye mabamba ya chuma hufanya hivyohivyo. Gari linaloegeshwa uani usiku, kati ya nyumba kubwa na chumba cha mpangaji, nalo ni ukuta wa chuma wenye magurudumu. Friji na kioo kikubwa cha kujitazama havihami, lakini ruta iliyofichwa nyuma yake imeanza siku na deni. Na watu wenyewe: sebule ikijaa wageni kumi na watano wa maombi au wa msiba, mawimbi yanapita katikati ya maji mengi yaliyovaa nguo.

Dawa ni ileile kwa karibu yote haya. Panda juu, kaa katikati, toka nyuma ya televisheni. Antena za nje zisimame wima kama nyumba haina ghorofa, kwa sababu antena iliyosimama hutawanya mawimbi ubavuni kuliko juu na chini; ukiielekeza kwa ncha chumbani kama bunduki, umekinyima chumba hicho mawimbi. Nyumba ya mawe ya volkano yenye kuta nene usiitese kwa masafa ya 5 kutoka chumba hadi chumba. Tumia 2.4, au vuta waya hadi chumba cha mbali na uweke kituo cha pili huko.

Hatua ya 4: Majirani, na ile dakika umeme unaporudi

Tuje kwenye jioni ya watu wengi. Masafa ya 2.4 yana chaneli 13, lakini ni chaneli kwa jina tu. Zimepangwa kila megahezi 5, wakati Wi-Fi ikitangaza hushika megahezi 20 kwa uchache. Kwa hiyo zinazoweza kukaa bila kukanyagana ni tatu: 1, 6 na 11. Sasa fungua programu ya kupima ukiwa Katindo, Mabanga au Majengo, mahali ambapo ukuta wa mbao wa jirani uko mita mbili kutoka wako, uhesabu majina ya Wi-Fi yanayojitokeza. Wote hao wanagawana nafasi tatu.

Vifaa vya Wi-Fi vina adabu. Kabla ya kusema husikiliza kwanza, na vikisikia mwingine anaongea kwenye chaneli yao, husubiri. Mchana mtaa umetulia, kila mmoja anasema anapotaka. Saa mbili usiku simu zote zimerudi nyumbani, na kila moja inasubiri zamu. Namba yako ya dBm haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni urefu wa foleni. Aliyewahi kusimama bombani anajua kwamba foleni haiharibiwi na wingi wa watu tu. Kuna yule mwenye bidoni ya mdomo mwembamba, maji yanaingia kwa uzi, na wote nyuma yake wanangoja. Kwenye Wi-Fi yeye ni simu iliyo mbali sana, kwenye -84, inayolazimika kusema polepole ili isikike. Sekunde anayoichukua ni sekunde yenu wote. Kumsogeza karibu na ruta, au kumwambia atumie mega zake kwa dakika hizo, mara nyingine kunaifaa nyumba nzima kuliko kununua forfe (kifurushi cha intaneti) kubwa zaidi.

Usijidanganye kwa chaneli ya 3 au ya 8 kwa kuwa inaonekana tupu. Aliye kwenye chaneli moja na wewe anakusikia na kukupisha. Aliye kwenye chaneli ya pembeni hasikii maneno yako, anasikia kelele, nawe unasikia kelele zake, na hakuna anayempisha mwenzake.

Na kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwenye miji ya umeme wa kudumu hailitaji. Ruta nyingi, zikiachwa zijichagulie chaneli, huchagua zinapowaka na kisha hukaa hapohapo. Umeme ukirudi mtaani, unasikia watoto wa kila nyumba wakipiga kelele kwa pamoja, na ruta zote zinaamka kwa pamoja. Kila moja inasikiliza hewa ikiwa bado kimya, kwa kuwa wenzake nao wanaamka, inaona kote kutupu, inachukua chaneli. Majirani watatu wenye ruta za aina moja wanaweza kuangukia chaneli moja na kubaki nayo mpaka umeme ukatike tena. Ndiyo maana kuna jioni Wi-Fi ni nzuri na jioni nyingine, saa ileile, ni mbaya.

Kwa hiyo fanya hivi. Saa mbili usiku, siyo mchana, tazama kwenye programu ni ipi kati ya 1, 6 na 11 yenye majirani wachache na dhaifu. Ingia ukurasa wa ruta. Menyu nyingi huku kwetu ni za Kifaransa, kwa hiyo tafuta neno Canal, toa Automatique, weka namba yako. Upana wa chaneli uweke 20, maana 40 kwenye masafa ya 2.4 unameza sehemu kubwa ya nafasi yenu na kualika kelele za mtaa mzima. Kama simu zenu zinapokea masafa ya 5, wanaokaa sebuleni wahamie huko, kuna chaneli nyingi na mawimbi ya jirani hayafiki kwa nguvu. Chagua 36, 40, 44 au 48. Chaneli kuanzia 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta ikidhani imesikia rada inalazimika kuhama. Kabla ya kuanza kwenye nyingine ya aina hiyo husikiliza kimya angalau dakika moja, na wewe unaona Wi-Fi imepotea bila sababu.

Oveni ya mikrowevu ni mtuhumiwa wa kwanza katika kila mwongozo wa mbali, na kweli huchafua masafa ya 2.4 inapowaka. Mtaani kwetu naijua moja. Spika za Bluetooth ni nyingi zaidi, nazo zinatumia masafa hayohayo, ila huruka kutoka chaneli hadi chaneli na madhara yake ni madogo. Usianze nazo.

Hatua ya 5: Umeme wa ruta, na joto la mabati

Soma kibandiko cha ruta: volti ngapi, ampea ngapi. Kisha soma chaja iliyochomekwa. Chaja ya kwanza ikiungua, wengi huchukua yoyote yenye pini inayoingia. Ruta inayodai volti 12 na ampea 2 ikipewa ampea 0.5 huwaka vizuri asubuhi wakati simu ni moja, kisha simu zikiwa nane huanza kujizima na kujiwasha. Ukienda Birere kutafuta nyingine, nenda na ile ya zamani mfukoni.

Walioiunga ruta moja kwa moja kwenye betri ya sola wawe waangalifu zaidi. Betri inayoitwa ya volti 12 hupanda hadi 14 na zaidi pano linapoichaji mchana, kisha hushuka chini ya 12 usiku ikishatumika sana. Waya mwembamba na mrefu unapunguza tena njiani. Weka katikati kifaa cha kutuliza volti kinachotoa 12 daima, au kile kibetri kidogo cha ruta kinachochomekwa kati ya chaja na ruta. Hicho cha pili kina faida nyingine: umeme ukikatika na kurudi mara tatu kwa jioni, ruta yako haizimiki, na ile chaneli uliyoichagua haisumbuliwi.

Joto ni fupi. Ruta iliyopandishwa juu kwa ushauri wangu wa hatua ya 3 isigusane na mabati. Jua la saa saba hupasha paa, na ruta iliyopata joto kupita kiasi hupunguza kazi au hujizima. Acha nafasi chini ya dari, usiifunike kitambaa, na kila mwezi futa lile vumbi jeusi la barabara zetu kwenye matundu yake.

Hatua ya 6: Safari ya pili, ya nje

Ukifika hapa, ping ya ruta ni safi na ya nje ndiyo inayoyumba.

Kwa modemu ya kadi, fungua ukurasa wake utafute RSRP na SINR. Ya kwanza ni nguvu ya mnara: -85 ni nzuri, -100 ni wastani, -110 unahangaika. Ya pili ni usafi wa mawimbi hayo: juu ya 20 ni safi kabisa, 10 inatosha, ikifika sifuri au chini yake hakuna cha kutazama. Andika zote mbili mchana na saa mbili usiku. Mara nyingi RSRP itabaki palepale huku SINR inaanguka, kwa sababu minara ya jirani nayo ina kazi jioni na mawimbi yake yanaingiliana na ya mnara wako. Na hata SINR ikitulia, uwezo wa mnara unagawanywa kwa wote walioushika saa hiyo.

Unachoweza kufanya ni kuhama ndani ya nyumba. Peleka modemu dirishani, kila dirisha kwa zamu, ukiiacha dakika mbili na kusoma SINR. Pembe ya nyumba ambayo ukuta wake unakuzibia mnara wa kelele inaweza kukupa zaidi kuliko pembe yenye mistari mingi. Modemu na ruta zikiwa vitu viwili, modemu iende dirishani na ruta ibaki katikati ya nyumba, waya uwaunganishe. Zikiwa kitu kimoja, chagua ni safari ipi inayokuumiza zaidi.

Wanaoishi karibu na mpaka, kuanzia Birere hadi upande wa ziwa, wana shida yao wenyewe. Minara ya Gisenyi, upande wa Rwanda, iko karibu sana, na modemu iliyoachwa ijichagulie rezo (mtandao wa simu), ikipoteza ya nyumbani, inaweza kushika ya ng'ambo. Mistari inajaa, mega hazifanyi kazi. Ingia kwenye mipangilio, chagua rezo yako kwa mkono na uzime matumizi ya data ya ng'ambo.

Mvua haiidhuru Wi-Fi ya ndani ya nyumba, wala 4G kwa kiasi cha kuonekana. Inadhuru mawimbi ya masafa ya juu, kuanzia kama gigahezi 10: sahani ya setilaiti, na viungo vya angani vinavyounganisha mnara na mnara. Ndiyo maana mvua kubwa ya Aprili au Novemba inaweza kukukatia intaneti na kuirudisha mawingu yakipita. Hapo ngoja tu. Umeme nao ukikosekana muda mrefu mtaani, mnara unaishi kwa betri na jenereta, na ukizima, simu zake zote zinahamia mnara unaofuata, ambao tayari ulikuwa na watu wake.

Hatua ya 7: Walaji wa ndani

Hii ni ya haraka. Kwenye ukurasa wa ruta kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hesabu, na usivyovijua vitoe kwa kubadilisha neno la siri. Nakala ya usiku ya WhatsApp huanza saa nane za usiku ikiwa umeiwasha, basi anayefanya kazi saa hiyo ajue. Simu na kompyuta zikiona Wi-Fi tu huanza kujisasisha. Zipangie ziwe zinafanya hivyo alfajiri. Na mtu mmoja akipandisha video ndefu, ping ya wote inapanda, hata wasiopakua kitu.

Baada ya kila badiliko moja, pima tena kwenye plasta, kwa saa ileile. Ukibadilisha chaneli, ukahamisha ruta na ukanunua chaja kwa siku moja, hutajua kilichosaidia.

Kama mshale umebaki kuelekea nje, piga simu ya huduma ukiwa na daftari mkononi. Usiseme "Wi-Fi ni mbaya jioni". Sema: "Ruta inajibu kwa milisekunde 3 saa zote. RSRP ni -92 mchana na usiku. SINR ilikuwa 15 saa saba mchana, imekuwa 1 saa mbili usiku, siku tatu mfululizo." Anayepokea atanyamaza kidogo, kisha badala ya kukuambia uzime na kuwasha, atakuuliza uko avenyu gani.